Bibi Hakuwa na Mti

Wiki iliyopita fundi anayenijengea pale Kihesa alishusha mirunda uani kwangu, zile nguzo za mlingoti, yaani mkaratusi, za kushikilia zege, nami nikakaa juu ya rundo nikalia kama mtoto aliyenyimwa uji. Fundi akadhani nalilia bei. "Dada, hapo nimekubembelezea kweli, wengine wanauziwa kwa kukomolewa," akajitetea. Kilichoniliza ni harufu. Unaijua harufu ya mlingoti mbichi, ni kama mtu kakufungulia kopo la dawa ya mafua mbele ya pua. Nikamuuliza dereva wa fuso amepakia wapi. Akataja kijiji chetu. "Kuna bonde pale chini ya kanisa," akasema, "wamefyeka lote, limebaki kama kichwa cha mfungwa."

Bonde hilo nililijua kabla sijajua kuvaa viatu, na viatu nilivijua nikiwa mkubwa kweli kweli.

Kwetu ni milimani, kusini ya mji wa Iringa, kwenye baridi isiyo na adabu. Mwezi wa sita ukitema mate yanafika chini yameshakuwa kokoto. Wazazi wangu walikuwa Chimala wakihangaika na mpunga, mimi wakaniacha kwa bibi, mama yake baba, ili nisome. Nilisoma kidogo, nikalima sana. Bibi alikuwa mfupi, ukimtazama kwa mbali ungedhani jembe linatembea lenyewe. Lakini jembe hilo likipiga udongo, nakuapia, Mbeya walitoka nje wakidhani tetemeko. Babu alikwishafariki. Mimi bibi aliniita mke mwenzangu, na kila alfajiri aliniamsha kwa matusi ya utani: "Amka wewe mke mwenzangu, mume wetu amekufa, unamlalia nani?"

Kama hujafika kwetu nikueleze kidogo. Mlimani kila mtu analima kwa mvua, na ikifika mwezi wa kumi na moja maghala yako tupu, panya wanahama na mizigo yao. Bondeni ndiko kulikokuwa na vinyungu. Mvua zikikata wanawake walishuka na majembe, wakakwatua majani, wakayalaza chini na kuyafunika kwa udongo mweusi uliojaa maji, yakawa matuta. Hilo tuta ndilo kinyungu. Katikati ya matuta maji yalisimama kwenye mifereji kiangazi kizima. Basi wakati mlimani hata panzi wanakonda, sisi bondeni tulikuwa na njegere, maharage mabichi, maboga ambayo ukilipasua moja unalisha harusi, na mahindi mabichi mwezi wa kumi na moja, mwezi ambao vijiji vingine walikuwa wanayaona ndotoni. Mpaka leo nikisikia hindi linapasuka kwenye makaa, mate yananitoka kabla akili haijafika.

Siku ya kuanza kulima bibi aliita mgowe, yaani wanawake wa kitongoji wote walikuja kumlimia, naye akawapa chakula na ulanzi, pombe ya mianzi, ule wa mwisho mwisho wa msimu uliokuwa mkali kama mama mkwe. Walisimama mstari mmoja. Majembe yalipanda pamoja yakashuka pamoja, chwaa, matope yanaruka hadi kwenye nyusi, mmoja anaimba na wengine wanamtukana kwa kuitikia. Kazi yangu ilikuwa kupeleka kata ya ulanzi toka kwa huyu kwenda kwa huyu, na nilionja njiani ili kuhakikisha haujaharibika. Ndiyo maana hesabu ilinishinda shuleni.

Kona moja ya bonde bibi alimwazima jirani yetu, mwanamke mjane mwenye kicheko cha kufukuza kunguru. Hakumdai chochote. Ardhi ya bondeni kwetu iliazimwa kama chumvi. Sharti lilikuwa moja tu, na watoto tulilijua kama tulivyojua Baba Yetu: shamba la kuazimwa utapanda chochote kinacholiwa kikaisha, lakini hutachomeka mti. Mahindi ukivuna umeondoka nayo. Mti unabaki, na mti uliobaki unamwita aliyeupanda. Mwaka huu ni mti, mwakani ni "mti wangu," mwaka wa mbele yake ni "hapa kwangu." Kwetu hakuna aliyekuwa na cheti wala ramani. Mti ndio ulikuwa shahidi.

Sasa mwaka mmoja pembeni ya kona ile ukachipua mfyulisi. Fyulisi ni lile tunda lenye manyoya kama shavu la mtoto mchanga, na ukilinyonya utasahau hata jina lako. Jirani aliapa hakuupanda, ni kokwa iliyotemwa na wanawe wakati wa palizi. Mimi niliuona mti ule nikaanza kuhesabu matunda ambayo hayajazaliwa. Bibi aliuona, akaweka jembe chini, akaufuata taratibu kama anayemwendea nyoka, akaung'oa na mizizi yake.

"Mama, ni mti wa watoto tu huo!" jirani akalalamika.

"Watoto wanakua," bibi akamjibu. "Lima, mwanangu, lima mpaka uchoke. Ila mti, hapana."

Jirani alinuna msimu mzima. Alipokuja kuomba moto aliuomba akiwa amegeukia ukutani. Nami nilimnunia bibi siku nzima, mpaka alipopakua makande, nikaona si vizuri kumnunia mtu mzima.

Baada ya hapo ndipo alipokuja baba mkubwa. Huyu ni mwana wa kwanza wa bibi, kaka yake baba, alikuwa na duka pale Mbalizi na tumbo lililotangulia kufika. Alikuja na pikapu imejaa miche ya milingoti kwenye viroba vidogo. Enzi hizo kila mtu wa mjini alikuwa ameambukizwa miti, hata mtu asiye na uwanja wa kuanikia soksi alitafuta pa kupanda mlingoti. Baba mkubwa akamkalisha mama yake, akampa kanga mpya na sukari, akasema anaomba mstari mmoja tu, juu ya vinyungu, wa kuzuia upepo usiangushe mahindi.

Bibi huyu huyu aliyemng'olea jirani mfyulisi alicheka kama msichana. "Mwanangu niliyemzaa mimi unaniomba? Panda!"

Mimi nikiwa na akili zangu ndogo nikamuuliza, "Bibi, na lile sharti la mti?" Akanitazama kwa huruma. "Mke mwenzangu, sharti ni la watu wa nje. Huyu katoka tumboni mwangu."

Baba mkubwa akapanda, akarudi Mbalizi. Kiangazi kikaja, na miche ile haikuwa na mwenyewe wa kuitazama. Bibi ndiye aliyeimwagilia. Alichota kwenye kisima cha bondeni kwa kibuyu, akaenda mche kwa mche, akiuita kila mmoja "mjukuu." Niliona wivu. Ule uliokuwa unanyauka aliujengea kivuli cha majani ya migomba. Hakuna mche hata mmoja uliokufa. Ingekuwa bora ingekufa yote.

Milingoti haina aibu, inakua huku unaitazama. Nilipokuwa darasa la sita ilikuwa imeshika mawingu, na baba mkubwa akarudi na pikapu nyingine. Safari hii alitaka bonde lote. Bibi akamwambia hapana. Akamwambia tena hapana, kwa Kihehe, maana hapana ya Kihehe ina mizizi. Alipoona haelewi akaita kikao cha ukoo yeye mwenyewe, uani kwake, mwezi wa kumi na moja. Alikuwa na uhakika. Nani asiyejua kuwa bonde lile ni la jembe lake? Akapika pombe ya komoni mtungi mzima na kuchoma mahindi mabichi, maana wanaume wa ukoo walikuwa wametoka kwenye nyumba ambazo vyungu vililala vimefunikwa.

Walikula. Nimewahi kuona nzige, lakini nzige hupumzika.

Mzee wa ukoo, mdogo wake babu, akafungua kikao akiwa na hindi mkononi. "Shemeji, sisi hatugombani. Tutaulizana kama walivyoulizana wazee. Pale bondeni nani ana mti?"

"Mstari wote wa juu ni wangu," akasema baba mkubwa. "Kila mwenye macho anauona."

"Na wewe, shemeji?"

Bibi akamwonyesha kwa kidevu. "Hilo hindi unalotafuna limetoka wapi?"

Wanaume wakacheka, wakidhani anatania. Mzee akafuta ndevu. "Tamu kweli, shemeji, Mungu akuzidishie. Lakini hindi linaliwa likaisha. Mimi nauliza mti."

"Nimelima pale tangu kaka yako anioe. Wewe mwenyewe nimekulisha toka pale hujaota meno ya nyuma."

"Hakuna anayekataa. Umelima, na umelima shamba la ukoo. Ahsante sana."

Bibi akamgeukia mwanawe. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia ndogo vile. "Ile miti nani aliimwagilia?"

"Ni wewe, mama," akajibu baba mkubwa, kwa heshima zote. "Mungu atakulipa."

Baba yangu alikuwa amekuja toka Chimala. Alikaa mwisho wa benchi akitazama viatu vyake muda wote, utadhani vilikuwa na picha. Ikaamuliwa kuwa bibi abaki na uwanja wa nyumba, na bonde aendeleze mwenye miti. Kisha mmoja akauliza kama kuna mahindi mengine yamebaki kwenye makaa. Bibi akaenda kuyaleta. Hilo ndilo linalonikaa kooni mpaka leo, kwamba alikwenda kuyaleta.

Walipoondoka jirani akaja kutusaidia vyombo. Naye alikuwa amepoteza kona yake siku hiyo, bila kuulizwa chochote, kwa kuwa mwazimaji haitwi kikaoni. Akaosha bakuli mbili tatu, kisha akasema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Mama, ungeniachia ule mfyulisi wangu, leo tungekuwa na mti sisi wawili."

Bibi aliendelea kusugua sufuria ambalo lilikwishang'aa zamani.

Mwaka uliofuata bonde zima likawa mistari. Bibi hakukubali mara moja. Alishuka na jembe lake akainua matuta katikati ya miche, mpaka mlinzi wa baba mkubwa alipomwambia, "Bibi, unakata mizizi ya watu." Miti ilipokua mifereji ikakauka, vyura wakanyamaza, na kisima kikawa tundu la majani makavu. Maji tukayafuata ng'ambo ya mlima wa pili, mbali hivi kwamba ukitoka na kiu unarudi na uzee. Na mahindi mabichi ya mwezi wa kumi na moja, ambayo tulikuwa tunawapa hata wapita njia, tukaanza kuyaona kwenye magari ya watu wengine barabarani.

Nilikuja mjini nikafanya kazi za ndani, na jioni nikasoma masomo ya watu wazima hadi nikamaliza kidato cha nne, nikiwa darasa moja na waendesha bodaboda waliosinzia kwa zamu. Siku moja mwalimu wa uraia akatufundisha kuwa mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama alipanda mahindi tu?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akasema swali zuri, akafuta ubao.

Bibi alifariki mvua zilipokuwa zinaanza. Baba mkubwa alileta jeneza zuri, zito, la mbao zilizopigwa vanishi mpaka unajiona uso. Kila mtu alisifu. Walimzika nyuma ya nyumba, kwenye kile kiwanja alichoachiwa.

Mwaka jana nilikwenda kusafisha kaburi. Nilimkuta jirani, kicheko kimempungua na mgongo umepinda, anapalilia. Kichwani kwa kaburi kulikuwa na mfyulisi ulionipita kimo, umeanza kuzaa.

"Nimeupanda mimi," akaniambia. "Kwa kokwa. Sikumwomba mtu."

Nikamuuliza kama baba mkubwa hakusema kitu.

"Alisema mizizi itasumbua kaburi. Nikamwambia uung'oe wewe mwenyewe, mchana, watu wakikuona." Akaguna, akaendelea kupalilia. "Hajaung'oa. Sasa bibi yako ana mti. Waje wamuulize tena."

Nilikula fyulisi mbili pale pale. Zilikuwa chachu, lakini nilizimaliza, na kokwa nikazifunga kwenye pindo la kanga.

Basi mirunda ile imeshikilia zege langu hivi leo. Sikuirudisha. Ningeirudisha wapi? Ikitolewa itabaki nyumba. Lakini kabla fundi hajachimba msingi nilikuwa nimeshapanda kokwa yangu moja pale pembeni, na imechipua. Fundi ananiambia kila siku, "Dada, huu mti uko mahali pabaya, tuung'oe mapema kabla haujakolea." Namwambia ahamishe ukuta.