Mchonga Sarafu na Kichwa Kipya

Kazini walimwita Jicho. Mtaani hawakumwita kitu, maana alikuwa mtu wa salamu mbili tatu kisha mlango. Kwa miaka thelathini na moja alichonga sarafu za nchi yake kwenye kiwanda cha serikali, chumba cha mwisho cha korido ndefu: dirisha la nondo, meza, taa ya shingo ndefu, na lenzi aliyoibana jichoni mpaka ikamwachia alama ya duara isiyofutika.

Watu hudhani historia ya nchi imo vitabuni. Upuuzi mtupu. Imo kwenye kabati la kioo la korido ile. Rafu ya juu kuna sarafu zenye tundu katikati, za enzi watu walipozitunga kwenye kamba. Chini yake zipo za mfalme wa mbali ambaye hakuwahi kukanyaga hapa, lakini kila aliyenunua chumvi alimshika mashavu. Halafu ile ya ndege, ya mwaka wa uhuru, nzuri kuliko zote, iliyodumu miaka mitatu tu kabla kiongozi wa kwanza hajaona kwamba ndege amemkalia nafasi yake. Baada ya hapo ni vichwa vitupu. Wakubwa wana ugonjwa mmoja: hata kiti hakijapata joto, wanataka sura zao ziwe zimeshaingia mifukoni mwa watu.

Na kiwanda kilikuwa na desturi yake. Mchongaji akikabidhiwa kichwa kipya, huchukua ule muhuri wa chuma uliokuwa ukipiga sarafu ya zamani, akaubana kwenye jiliwa, akaukata kwa patasi msalaba katikati ya uso, ili asitokee mjanja wa kuutumia tena. Jicho alishafanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili mwenye uso alikuwa ameshazikwa. Yule wa pili gari lake lilimiminiwa risasi njiani kutoka uwanja wa ndege. Dereva alikufa naye, na magazeti hayakumtaja hata jina.

Jumatatu hiyo Mkurugenzi wa kiwanda aliingia bila kubisha hodi, akaweka bahasha mezani, akausukuma mlango kwa mgongo mpaka ukafungika. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya Mkuu wa Majeshi, imepigwa kwa upande, bila kofia.

"Iwe tayari Alhamisi," alisema. "Na ule wa zamani upige patasi sasa hivi."

Jicho alidhani amesikia vibaya. "Lakini Mzee yuko safarini, bosi. Anarudi Ijumaa."

"Nimekuuliza ratiba yake?"

Akaupiga patasi. Mkurugenzi alisimama pale pale akiangalia, na alipotoka alimkumbusha kiapo cha kazi kwa sauti ya upole, upole ule unaomfanya mtu atamani kutukanwa. Mzee, mkuu wa nchi, alikuwa hai, mzima, huko ughaibuni anapeana mikono na watu, na uso wake ulishakatwa.

Kama ingekuwa ni Mzee peke yake, Jicho angeinamisha kichwa akachonga, kama alivyofanya siku zote. Lakini aliyemwendesha Mzee, na ambaye Ijumaa angempokea uwanja wa ndege, alikuwa Usukani, mdogo wake, tumbo moja. Akinyamaza, mdogo wake anakufa. Akisema, na mdogo wake akamwambia Mzee, basi yeye na kila aliyeshika patasi kiwandani wamekwisha.

Jumanne alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Umemeza nini wewe?" mkewe aliuliza.

"Kazi tu."

"Kazi! Unakoroga maji ya moto dakika tano nzima, halafu kazi."

Jumatano, saa kumi na moja, jua bado linachoma, alikwenda kwa Usukani. Sebuleni alimkuta mgeni mwenye fulana ya bluu, amekunja miguu kwenye kochi. "Jamaa yangu wa kazini," Usukani alisema. Jicho alimsalimia, kisha akamvuta mdogo wake jikoni, akafungua bomba ili maji yapige kelele.

"Ijumaa uumwe," alimwambia.

Usukani akacheka. "Kaka, ugonjwa nao unapangiwa siku?"

"Harisha, vunjika mguu, lolote lile. Usimwendeshe Mzee."

"Kwa nini?"

Jicho akapiga moyo konde, akasema yote: picha, patasi, Alhamisi. Alipomaliza alihisi ametua gunia la saruji. Usukani hakuwa anacheka tena. Alinyoosha mkono, akafunga bomba.

"Nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna. Hata shemeji yako hajui."

"Kaka, kaka..." Usukani alijishika kichwa. "Waliponiuliza kama mchongaji atafunga mdomo, ni mimi niliyesema atafunga. Niliweka shingo yangu. Nikawaambia huyu tumelala kitanda kimoja, hata ukimchoma moto hasemi."

"Uko nao?"

"Ningeegesha gari pale waliponiambia, nikashuka kama naangalia tairi. Basi. Ningekuwa mzima, na wewe mzima."

"Nilikuja kukuokoa."

"Najua," Usukani alisema, machozi yakamlengalenga. "Ungekaa kwako tu."

Mgeni wa fulana ya bluu alikuwa ameshasimama mlangoni mwa jikoni. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Hakuonyesha hasira yoyote. Alinyoosha kiganja, na Jicho akampa simu yake bila kuambiwa.

"Kichwa kimefikia wapi?" mgeni aliuliza.

"Kimebaki sikio."

"Sikio linachukua muda gani?"

Lingechukua asubuhi moja tu. Jicho alijua hivyo, na alijua pia kwamba sikio likiisha hakuna atakayemhitaji tena. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kusema uongo juu ya kazi yake.

"Siku mbili," alisema.

Mgeni akamgeukia Usukani. "Kweli?"

Usukani, ambaye hakujua hata patasi inashikwaje, alimtazama kaka yake, kisha akamtazama mgeni usoni.

"Kweli," alijibu. "Masikio ndiyo yanayomchelewesha siku zote."

Mgeni aliwaangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akatoka uani kupiga simu.