Vibandiko Nilivyopeleka Mwera

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya kuchimba mawe. Ofisi yetu iko Usagara, machimbo yako ng'ambo ya Mto Pangani. Zamani bosi akijisikia kusaidia kijiji alitoa mipira, au tende wakati wa Ramadhani, nami nikaandika "matumizi mengineyo", yakaisha. Kisha sheria ikatutaka tuwe na mpango wa kila mwaka wa kuihudumia jamii, unaopitishwa na halmashauri. Tukajenga wodi ya wazazi kwenye zahanati ya Mwera, kijiji cha jirani na machimbo, na ikabidi ionekane kwenye hesabu.

Bosi alitaka niiandike kuwa mali ya kampuni, ili gharama igawanywe kwa miaka mingi na faida ya mwaka ule isiguswe sana. Sikuona ubaya. Mali zetu zote hubandikwa vibandiko vyenye namba, basi nikavibeba, nikavuka na pantoni pamoja na mkaguzi wa hesabu, mama mmoja mpole kutoka Dar es Salaam.

Kwenye kitanda cha kwanza alilala mjamzito. Nilipoinama kubandika, akaanza kujiinua huku akikusanya kanga zake.

"Mnakichukua, kaka? Nishuke?"

Nikamsihi alale, hakuna anayechukua kitu, nikakibandika kibandiko ubavuni mwa kitanda. Mkunga akasogea kuuliza vibandiko ni vya nini. Kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuona aibu. Mkaguzi akamwuliza nani huamua mgonjwa gani alazwe pale. Mkunga akasema ni yeye na mganga wa zahanati. Kampuni haijawahi kuulizwa.

"Basi hii si mali yenu," mkaguzi akaniambia. "Mmeshaitoa. Iandike matumizi, yote, mwaka huu."

Nikakibandua kibandiko kwa ukucha.

Bosi alinuna. Alilalamika kwamba sheria imetulazimisha kutoa, na sasa hesabu zinatulazimisha kuonekana tumepungukiwa. Nikamshauri tuiweke wodi kwenye mstari wake peke yake, na maelezo chini, ili msomaji ajue kwa nini faida imeshuka. Akakubali shingo upande.

Kwenye mkutano wa wanahisa, mzee mmoja akauliza faida imekwenda wapi. Kabla sijafungua faili, bosi alishasimama. Akaisifia wodi mpaka rangi ya mapazia, na hajawahi kukanyaga pale. Wanahisa wakasema wanataka kuiona, na kazi ya kutafuta gari nikaachiwa mimi.