Hati ya Verna na Roz

Verna Stubbs hakujua kutulia. Siku ya kukabidhiwa nyumba, katika ofisi ya hati mjini Toledo, Roz alikuwa ameshamaliza donati ya pili na Verna bado anazunguka: mara dirishani kuitazama theluji, mara mlangoni, mara anasoma maelezo ya mashine ya kahawa kana kwamba ataulizwa mtihani.

"Kaa chini, wewe," Roz akamwambia. "Unanitia kizunguzungu."

"Nimekaa kwenye basi tangu saa kumi na moja alfajiri. Makalio yamechoka."

Basi lenyewe ni la shule, na alikuwa ameliendesha miaka ishirini na miwili. Lakini makalio yalisingiziwa tu. Kilichomsumbua ni nyumba, na kilianza zamani, kabla hajamjua Roz.

Miaka kumi na tisa Verna aliishi kinyumba na nesi mmoja aliyeitwa Joyce Amstutz. Paa la nyumba ile alilibadilisha kwa mikono yake, ua aliupanda yeye, na kila mwezi alitoa nusu ya mkopo. Jina kwenye hati lilikuwa la Joyce peke yake, kwa sababu siku zile wanawake wawili wakiomba mkopo pamoja walianza kuulizwa maswali. Joyce alipofariki, kaka yake Glen alikuja siku ya tatu baada ya mazishi, na kufuli jipya mkononi. Simsemi vibaya Glen. Matendo yake yamemsema vya kutosha. Verna akatoka na nguo zake na taa moja ya mezani. Toka hapo akapanga nyumba sita katika miaka kumi, na hakuna hata moja aliyopigilia msumari ukutani.

Roz Nowicki alikutana naye kwenye mchezo wa kuviringisha tufe na kuangusha pini, Jumanne jioni, timu pinzani. Sheria ilipobadilika ikawaruhusu, wakaoana mahakamani, wakala pai, wakarudi kazini. Sasa, mwaka wa tatu wa ndoa, walikuwa wananunua nyumba ya mzee Harlan Dietz, fundi mstaafu wa kiwanda cha vioo.

Karani wao, Shelby, binti mpole mwenye kucha za buluu, akapanga karatasi mezani.

"Hizi za mkopo ndizo zenu za kutia sahihi. Hati yenyewe mzee Dietz ameshaitia sahihi asubuhi."

"Naomba niione," Verna akasema.

"Ni ya muuzaji tu, mama. Huwa hamtii sahihi."

"Nimesema naomba."

Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. *Kwa Verna Stubbs, hajaolewa, na Rosalind Nowicki, hajaolewa.* Kisha nukta. Akageuza karatasi nyuma, hakuna kitu. Akaurudia mstari ule.

Baada ya yale ya Glen, mwanasheria mmoja alimweleza jambo ambalo hakulisahau: katika jimbo lile, wawili wakinunua pamoja, ni lazima hati itamke wazi kwamba mmoja akifa nyumba ni ya mwenzake aliyebaki. Isipotamka, nusu ya marehemu huingia kwenye mirathi. Roz alikuwa na mwana wa ndoa ya kwanza, Curtis, ambaye Verna hakuwahi kumsalimia akaitikiwa. Verna naye alikuwa na dada watatu Kentucky, na mpaka leo hakuna anayeitambua ndoa hiyo.

"Nani kawaambia hatujaolewa?" Roz akauliza.

Shelby akafungua faili. Akasita. "Imeandikwa hapa, simu ya tarehe tano. Nilimuuliza mama Verna huyo mwingine ni nani wake. Akasema rafiki."

Roz akaweka kikombe chini taratibu.

"Rafiki," akasema. "Kama Peggy wa kuangusha pini?"

"Lilinitoka tu. Nilikuwa gereji ya mabasi, madereva wote wamenizunguka."

"Miaka mitatu tumeoana, Verna."

"Na miaka thelathini nilizoea kusema rafiki. Mdomo ulinitangulia."

"Usiku kucha unaamka kuangalia kama mlango umefungwa. Kumbe wa kuufungua ni wewe mwenyewe."

Verna akairudisha hati mezani. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, na alistahili.

Shelby akasema hati inaweza kuandikwa upya dakika hiyo hiyo, ila muuzaji lazima aje atie sahihi tena, na mzee alikuwa ameshaondoka kwenda kwa bintiye, katika mji wa Findlay. Mkataba wa mauzo hawezi kuuvunja. Lakini akikataa kurudi, basi leo nyumba wataipokea kwa hati hii hii.

"Nimpigie nimwambie sababu gani?" Shelby akauliza.

Hapo ndipo penye mwiba. Siku ya kuonyeshwa nyumba, mzee Dietz aliwaita "ninyi dada wawili" toka barazani mpaka darini, na Verna akaitikia kila mara. Akamtazama Roz, akitumaini atasema yeye. Roz alikuwa anajipangusa sukari vidoleni, kidole kimoja kimoja. Hilo lilimchoma Verna kuliko matusi.

"Nipe hiyo simu," akamwambia Shelby.

Mzee akapokea. Nyuma yake vifuta kioo vya gari vilisikika vikifanya kazi.

"Mzee Dietz, ni Verna Stubbs. Hati imekosewa, na kosa ni langu. Roz si dada yangu, wala si rafiki yangu. Ni mke wangu. Tunaomba urudi utie sahihi nyingine."

Vifuta kioo vikaendelea.

"Nimeshakaribia Findlay," mzee akasema.

"Najua."

"Na theluji yote hii."

"Najua, mzee."

Simu ikakatika. Hakusema anakuja, hakusema haji.

Wakangoja saa nzima na robo. Verna akaenda dirishani mara ishirini. Kila gari lililokuja lilikuwa la mzee Dietz mpaka lipite. Roz hakumwambia akae.

Hatimaye mzee akaingia, viatu vikichuruzika maji, uso umekunjamana. Hakumsalimia mtu. Akatoa miwani, akaivuta hati mpya karibu, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma taratibu siku zote:

"'Wanawake waliooana, kwa maisha yao wote wawili, kisha kwa atakayebaki.'"

Akatia sahihi. Kisha akamgeukia Verna.

"Niliwaita dada. Mngesema tu."

"Tungesema," Roz akajibu, macho kwa Verna.

"Hati yangu na mke wangu Marge ilikuwa na maneno haya haya. Sikuwahi kuyasoma mpaka alipokufa." Akakunja miwani. "Aliyebaki ni mimi. Viti viwili vya jikoni nimewaachia. Kile cha pili sikujua nikifanye nini."

Akavaa kofia yake, akatoka.

Miaka kumi Verna alipowaza habari za anayebaki, alijiona yeye, ameshika karatasi, anambishia mtu mlangoni. Sasa alimwona Roz jikoni mle, peke yake, kiti cha pili kitupu. Hakuna anayegonga mlango, hakuna wa kumfukuza, na hakuna wa kuongea naye. Hilo hakuwahi kulipigania, wala hakuna karani wa kuliandika upya.

Roz akamsogezea kalamu na karatasi za mkopo.

"Roz," Verna akasema.

"Nini?"

"Ungependa nani atangulie?"

"Bado nimekukasirikia," Roz akasema. "Leo hafi mtu. Tia sahihi."