Bomba la Maji Moto Nyuma ya Kiwanda

Siku hiyo nyuma ya kiwanda cha nguo tulikuwa wanne. Mimi, mama mkwe wangu, aliyenizalia mume, wifi yangu, dada mdogo wa huyo mume, akiwa na mtoto wake mgongoni, na jirani yetu Mwislamu, ambaye bwana yake alitia kuni kwenye boila ya kutengeneza mvuke huko ndani. Majina yote ninayo, hata la huyo mtoto. Sitayaandika tu, maana wenyewe wana wajukuu.

Ilikuwa Thika, miaka ya tisini. Ukutani palitokeza bomba. Mvuke uliomaliza kazi ya kutia nguo rangi ulitoka hapo ukiwa maji, moto kabisa, na hakuna aliyetukataza kukinga. Asubuhi za Julai, baridi ikiwa imelala juu ya mto Chania, weupe ulipanda ukatufunika hata tusionane. Nilimsikia wifi akicheka, sikujua yuko upande gani. Mpaka leo nikisinzia mchana huwa naenda huko. Nasimama tu ndani ya ule weupe, miguu ina joto.

Maji hayo ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Nilifua mablanketi ya watu, mengine yaliletwa kutoka Ruiru. Blanketi zito halitakati kwa maji baridi, na makaa ya kuchemshia ningetoa wapi?

Basi akaja afisa wa serikali na kipimajoto kirefu, pamoja na Mhindi mwenye kiwanda. Sisi tulidhani wamekuja kuamua kama tuachiwe bomba au tufukuzwe. Mama mkwe akatunong'oneza, "Yasifuni maji. Nani atafunga kitu kizuri hivi?"

Tukasifu.

"Yanatoka usiku na mchana, bwana!" nikasema.

"Hata Jumapili!" wifi akadakia.

"Ngai, Mungu wangu, ukitia yai linaiva!" mama mkwe akasema.

"Shosho, umewahi kutia yai kweli?" afisa akamuuliza, kama mjukuu kwa nyanya yake.

"Lete lako uone."

Akacheka, akachovya kipimajoto, akamwonyesha mwenye kiwanda. Yule Mhindi akashika kichwa kwa hasara aliyoiona. Ndipo afisa akatueleza polepole: serikali ilimtuma kusaidia viwanda vichome kuni kidogo na vipunguze moshi. Maji haya yangerudishwa kwenye boila yakiwa bado moto, badala ya kumwagwa.

"Mmenisaidia sana, kina mama."

"Haya," jirani akatuambia, "tumejifukuza wenyewe kwa midomo yetu."

Bomba likageuzwa likaingia ndani. Mama mkwe aliendelea kwenda asubuhi, anaweka kiganja ukutani, anarudi. Masizi yalipungua, siwezi kukataa. Shuka nyeupe niliyoanika niliianua ikiwa nyeupe, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu niolewe pale. Mablanketi yakaacha kuja. Nikachukua mashati ya walimu, hayo maji baridi yanayaweza, ila vidole viliuma.

Afisa alipopita tena akamsalimu mama mkwe. "Si hewa ni nzuri sasa, shosho?"

"Ni nzuri," akamjibu. "Lakini ni baridi."

Nadhani ni mama mkwe aliyejibu. Wifi anadai ni yeye mwenyewe, na pia kwamba bomba lilikuwa upande wa barabara, si wa mto. Wewe uliyekuwa ukipita pale, kama nimekosea mahali, nirekebishe ningali nasikia.