Sketi ya Bluu Ndani ya Gitaa

Enzi zetu gitaa halikuwa na waya. Lilikuwa mbao, tundu la mviringo na nyuzi laini za nailoni, na aliyetaka kulisikia alisogea karibu. La Baba lilikuwa la namna hiyo. Pale kigangoni kwetu Kanazi sauti yake haikuvuka benchi la tatu. Ndiyo maana Baba alikuwa na mtindo wake: kabla ya kila wimbo aliguna "mmm", chini kabisa, sauti ileile ya uzi wa tano, na kwaya nzima ikajua pa kuanzia. Aliguna hivyo hata nyumbani akitafuta viatu. Wenzangu mliokulia kule kabla ya umeme mnakumbuka asubuhi zilivyokuwa kimya, ukungu umelalia migomba, mtu akikohoa ng'ambo ya bonde unamtambua ni nani. Mimi Baba nilimtambua kwa mguno kabla sijamwona.

Alifariki nikiwa darasa la nne. Gitaa likabaki kwa dada Edita, mkubwa wetu. Mama, ambaye alikuwa sauti ya kwanza, akaacha kuimba. Alikuja misani, akafungua kitabu cha nyimbo, akafunga mdomo. Enzi hizo mtoto hakumwuliza mzazi jambo kama hilo, nasi hatukuuliza.

Ikaja misa ya kipaimara, ya kufanyika nje uwanjani. Wazee wa kanisa wakasema gitaa halitasikika, heri liachwe. Edita akalia siku mbili. Siku ya tatu Mama akaenda Kabanga, akarudi na fundi redio aliyeitwa Gerevazi, mtu mwembamba, mwenye tabia ya kucheka peke yake. Alikuja na betri ya gari, amplifaya, na spika ya mdomo mpana iliyobaki Benaco kambi ya wakimbizi ilipofungwa. Spika ile tuliijua. Kutwa nzima ilikuwa ikiita majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Ilipoanza kuning'inia kwenye mkaratusi wa kanisa, hata watundu wetu walinyamaza.

Gerevazi akang'oa kidude cha kunasia sauti kwenye simu ya zamani iliyokufa, akakibandika kwa nta ya nyuki ndani ya gitaa, chini ya pale nyuzi zinapofungwa. Edita akagusa uzi mmoja, ukasikika hadi kwenye mashamba ya maharage. Tulifurahi sana. Mama akatugawia umutobe, maji matamu ya ndizi mbivu, kikombe kwa kila mtu, fundi akapewa viwili.

Siku ya misa ukungu ulichelewa kuinuka. Edita alikuwa amelilaza gitaa kwenye kiti, anapanga karatasi zake. Hakuna aliyeligusa. Kwenye spika ikaanza, chini kabisa: mmm.

Niliuona uzi wa tano ukitetemeka wenyewe. Na kwaya yetu ikafanya kosa ambalo kwaya nyingine isingelifanya: ikaanza kuimba. Sauti ya nne kwanza, kisha wote, wimbo wa mwanzo, bila mtu kuwaashiria. Walikuwa ubeti wa pili nyuso zilipobadilika, mmoja baada ya mwingine, walipokumbuka kwamba aliyewapa sauti tulishamzika. Hakuna aliyethubutu kunyamaza. Nikageuka. Mama alikuwa anaimba.

Baadaye fundi alitutoa hofu sisi watoto. "Si kitu. Sauti inatoka kwa spika, inaludi kwenye tundu, inazunguka tu. Ukijaza kitambaa humo ndani, inarara."

Mama alimwomba amwachie vile vyombo kwa muda. Basi kila jioni, tukishaosha masufuria, aliweka gitaa kitini mbele ya spika, akawasha, akakaa. Mmm. Akalisimulia mbuzi gani amezaa, nani anaumwa, kahawa imefikia wapi. Betri ikiisha nguvu, Edita na mimi tuliibeba kwa mti hadi kwenye mashine ya kusaga ikachajiwe. Mchana tulicheza rede na kuiba mapera kama watoto wengine, lakini jua likianza kushuka nilitafuta kisingizio cha kubaki nje. Nilikuwa namwogopa baba yangu mwenyewe. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku moja tukachana sketi kuukuu ya shule ya Edita, ya bluu, tukaisokomeza yote ndani ya gitaa isionekane. Mama akawasha. Kimya. Akaongeza sauti. Kimya. Akasubiri mpaka maharage ya kesho yakaungua jikoni. Kisha akazima, akasema taratibu, "Amelala. Tumwache." Kesho yake akarudisha vyombo Kabanga. Misani aliendelea kuimba. Sisi hatukumwambia kitu.

Mwanangu naye anapiga gitaa kanisani, huku mjini. Lake limekuja na waya wake, na tundu lina kizibo cha mpira cha kiwandani. Likithubutu kuguna anakunja uso, anabonyeza kitufe, linanyamaza. Mwenzake wa kinanda ana gitaa, filimbi na wanakwaya arobaini kwenye kidole kimoja, na bado anachelewa mazoezi.

Mwezi uliopita nilikwenda Kanazi kumsalimia Mama. Umeme umefika, gitaa bado liko ukutani. Alipokuwa jikoni nikaingiza mkono tunduni nikaivuta ile sketi. Nilitarajia matambara yenye nyuzi zinazoning'inia, kama tulivyoyaacha. Ilikuwa imefuliwa, imekunjwa, na kingo zake zimepindwa kwa sindano, mishono midogo ya Mama ninayoijua. Nilisimama nayo mkononi, sijui nilie au nikimbie.

"Irudishe ulivyoikuta," Mama alisema mlangoni. "Mlikuwa mnaogopa. Na baba yenu amelala."

Nikairudisha.

Vijana wa leo sauti yao ni safi kuliko yetu, sitawanyima sifa. Mashine inawahesabia, wote wanaingia pamoja. Kanisa zima huanza wimbo sawasawa, ila mimi huchelewa kidogo, kwa sababu bado nasubiri mtu agune.