Bibi Aliipa Kamera Mgongo

Mama hakuniomba kitu kikubwa. Alisimama kwenye mlango wa chumba changu cha kazi, nguo mbichi za kuanika zikiwa bado begani, akaingia, akaweka mezani kamera ya video ya baba na kanda moja ndogo iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Nitolee mama yangu humo," alisema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Sura yake naanza kuisahau. Mikono naikumbuka. Sauti nayo huwa inanijia nikiwa peke yangu. Ila sura inakwenda. Juzi nimejaribu kumuwaza, nikamuona dada yangu."

Picha pekee ya bibi iliyokuwepo nyumbani ililiwa na mchwa ndani ya sanduku, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Bibi alifariki kabla sijazaliwa, na mimi ndiye niliyepewa jina lake. Kwa sababu hiyo baba hajawahi kuniita kwa jina hata siku moja. Mtu hatamki ovyo jina la mama mkwe wake, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo ananiita Mkwe. "Mkwe, nisogezee kiti." "Mkwe, leo umepika au umeunguza?" Majirani zetu wa Makanyagio, hapa Mpanda, walishazoea. Mgeni akisikia huwa anatutazama mara mbili.

Kazi yangu ni hiyohiyo ya chumba kimoja: picha za pasipoti, kuingiza nyimbo kwenye flashi, kuhariri video za harusi na kipaimara. Sikuisomea. Nilijifunza kwenye simu, bando likiisha nasubiri lingine, na pengine ndiyo maana naogopa kila kazi kama mtu anayesubiri kuulizwa cheti. Video ya harusi ambayo wenzangu wanaikabidhi wiki ileile, mimi naishikilia mpaka bibi harusi anapata mimba. Narekebisha rangi, narudia, nazima, nawasha tena nikiwa nimejishawishi kwamba ngozi za watu zimekuwa za njano. Mama anajua. Ndiyo maana alipofika mlangoni aligeuka.

"Lakini usiiweke mpaka nife na mimi," alisema.

Ile kamera baba aliinunua Dar es Salaam enzi akiendesha lori. Aliibeba kila mahali kwa miaka michache, kisha ikachosha, ikahamia juu ya kabati. Kanda ile ilikuwa na safari moja tu: baba na mama wanampeleka kaka yangu, akiwa bado mchanga, kwa bibi kule Kabungu.

Nilisoma kwanza. Nilijifunza kwamba kanda iliyolala miaka mingi haichezwi hivihivi. Unaipeleka mbele mpaka mwisho na kuirudisha ili ijinyooshe. Kwamba kamera iliyorekodi ndiyo inayoisoma vizuri kuliko nyingine yoyote. Nilifungua kimlango chake, nikasafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti na kitambaa kisicho na vumbi, jambo ambalo Mpanda wakati wa kiangazi ni mtihani peke yake. Nilinunua waya mpya wa kuunganisha kamera na laptop, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umeota kutu kwenye ncha ya njano. Nilipoona mawimbi yanapanda taratibu kwenye picha nilikaribia kulia, kisha nikachomoa chaja ya laptop, na mawimbi yakaisha. Yalikuwa yanatoka kwenye umeme. Nilijisifu asubuhi nzima.

Kisha nikakaa kuitazama, na furaha ikaniisha.

Bibi alikuwepo. Alikuwepo karibu kanda nzima, na nzima alikuwa ameipa kamera mgongo. Anapokea mtoto, amejifunika kitenge mpaka puani, uso umeelekea ukutani. Anapuliza moto, mgongo. Anatoka na beseni la mihogo, kamera inamfuata kidogo, anageukia upande wa pili kama aliyeitwa. Mara mbili kamera ilipomkaribia alichuchumaa kabisa na kujifanya anafunga kiatu. Hakuwa na kiatu.

Aliyeshika kamera alikuwa baba. Mkwe wake.

Nilimfuata uani, alikuwa akinoa jembe la kwenda nalo shambani Mwamkulu.

"Baba, mbona hukumpiga bibi picha ya uso hata mara moja?"

Aliniangalia kama nimemtukana. "Nimfuate mama mkwe usoni na mashine? Nina wazimu, Mkwe?"

"Hata kwa bahati mbaya?"

"Kwa bahati mbaya ndiyo ningetoa mbuzi wa faini." Akarudi kwenye jembe lake. "Mimi mpaka anafariki sijui alikuwa na sura gani. Namjua kwa kikohozi. Akikohoa nyuma ya nyumba, mimi napita mbele."

Nilirudi ndani nikaitazama kanda mpaka mwisho, bila matumaini, kwa sababu kazi naimaliza hata kama imenishinda. Karibu na mwisho honi ya lori inalia kwa nguvu. Watoto wa kule walikuwa wamepanda kwenye lori la baba. Unasikia baba anafoka, picha inayumba, inaonyesha mbingu, inatulia. Aliiweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa akakimbilia watoto. Alidhani ameizima.

Kamera ikabaki inatazama kizingiti cha nyumba, imelala upande kidogo. Bibi anachungulia. Anahakikisha mkwe amekwenda. Kisha anashusha kitenge, anakaa kizingitini, anajipepea na kuinua uso.

Lakini hapohapo ndipo kanda ilipokuwa imeharibika. Mistari myeupe inapita usoni kwake kama mvua ya upepo. Jicho moja linaonekana, linapotea. Mdomo unakatika katikati. Ni sekunde chache, kisha miguu ya baba inarudi, kitenge kinapanda.

Hiyo nakala ya kwanza niliiita "jaribio", kwa sababu sikuwa nimekusudia kuitumia. Nikarudia. Nikasafisha kichwa tena, nikarudia. Nilijaribu kanda ikiwa ya baridi na ikiwa imepata joto. Kila nakala nilikuwa naiona mbaya kuliko niliyoiota, kwa hiyo narudia nyingine, mpaka nilipofungua kimlango na kukuta unga wa kahawia umeganda kwenye kile chuma cha kusomea. Unga ule ulikuwa ni picha yenyewe, imekwanguka kwenye kanda. Niliweka nakala ya mwisho kando ya ile ya jaribio, na ya mwisho ilikuwa na mistari mingi zaidi. Nilikuwa nampangusa bibi yangu kama vumbi mezani.

Niliitoa kanda, nikairudisha kwenye mfuko wa nailoni, na kwa siku kadhaa sikuweza kuigusa. Mama alikuwa akiuliza kwa upole, jambo linaloniumiza kuliko akiuliza kwa ukali. "Umemuona?" Nasema bado nasafisha. "Hajambo humo?" Nasema hajambo.

Kuna programu siku hizi zinazorekebisha sura. Unaipa picha iliyoharibika, yenyewe inajaza palipopungua. Nikaipa ile ya jaribio. Ikaniomba picha nyingine ya mtu huyohuyo akiwa anaonekana vizuri, ili ijue ijaze nini. Sikuwa nayo. Ndiyo shida yote ilikuwa hapo.

Lakini tangu nizaliwe naambiwa nimefanana na bibi. Kila tukienda Kabungu kuna mtu ananishika kidevu. Kwa hiyo nikaipa picha yangu.

Matokeo yalikuwa mazuri mno. Mistari ilikwisha. Mwanamke mtu mzima aliyetulia amekaa kizingitini, ngozi safi, macho yote mawili, meno yamepangika. Nikanyoosha picha isilale upande. Sauti ilikuwa na mchakacho kama wa mafuta yanayochemka, na bibi alikuwa akisema kitu kwa Kibende, lugha ya kwao, ambacho sikukielewa, kwa hiyo nikaizima, nikaweka kinanda laini. Nikaipa diski nafasi yote ya saa moja ili picha isibanwe, nikaichoma kwa mwendo wa polepole ili deki yetu ya zamani isije ikaikataa. Sijawahi kutoa kazi safi kama ile. Naandika haya nikiwa na aibu, lakini siku ile sikuona aibu. Niliona nimeshinda.

Tuliitazama Jumapili baada ya ibada. Mama alikuwa hajavua nguo za kanisani. Alivuta kigoda mpaka karibu na televisheni, baba akakaa nyuma kwenye kochi na chai yake. Ile migongo yote ilimfurahisha mama. "Mzee, mtazame alivyokukimbia!" Baba akacheka na kusema alikuwa mwanamke mwenye adabu, si kama wakwe wa siku hizi wanaokumbatiana stendi.

Honi ikalia. Baba aliikumbuka, akaanza kusimulia habari za wale watoto, kisha akaona kamera imetulia kwenye kizingiti na mwanamke anachungulia. Akaweka kikombe chini. Kabla kitenge hakijashuka alikuwa ameshainuka, ameinamisha kichwa, anatoka kwenda uani.

Mama hakumuona akitoka. Kinanda changu kilikuwa kikipiga. Yule mwanamke aliinua uso wake safi.

Nilimtazama mama badala ya televisheni. Nilikuwa nasubiri machozi. Mama alikunja uso kidogo, akasogeza kichwa pembeni, kama mtu anayesalimiwa sokoni na mtu asiyemkumbuka. Picha ikapita. Akaomba nirudishe. Nikarudisha. Mara hii alitikisa kichwa polepole, akikubali, na hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu alikuwa anajilazimisha.

Kisha akanigeukia. "Eti, ndivyo alivyokuwa?"

Alikuwa ananiuliza mimi, ambaye sikuwahi kumuona.

Ningejibu "ndiyo" pale, ingekuwa basi. Yule mwanamke angehamia kichwani mwa mama na kukaa. Kile kidogo kilichobaki cha bibi kingempisha, na mama asingejua kwamba usiku anapomuwaza mama yake anamuona binti yake aliyezeeshwa na programu. Lakini hofu nyingine nayo ilikuwepo, nayo naisema: sikutaka aone kazi mbaya yenye jina langu.

Nilitoa diski. Nikachomeka flashi yenye ile ya jaribio.

"Hii haijasafishwa," nilisema. "Mama, hii ni mbaya sana. Imelala upande, ina mistari, sauti yake—"

"Weka."

Kizingiti kikarudi, kimeinama. Mchakacho wa mafuta ukajaa sebuleni. Bibi akachungulia, akashusha kitenge, mvua ya mistari ikaanza. Akaanza kujipepea na ncha ya kitenge. Akasema lile neno lake la Kibende, akishika shingo kwa nyuma, na kucheka, cheko fupi lililokatika kwa kikohozi.

Mama alipiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Huyo! Huyo hapo! Umesikia alichosema?"

"Sikusikia."

"Anasema, 'Huyu mkwe ataniua shingo.' Kwa kujigeuzageuza! Mama yangu jamani." Alikuwa anacheka na kufuta macho kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika kioo cha televisheni. "Rudisha. Tazama pengo lake. Rudisha hapo kwenye pengo."

Nilirudisha. Sikuona pengo. Niliona mistari, na mahali ambapo mdomo ulikuwa unakatika, ambapo mimi nilikuwa nimejaza meno yaliyopangika. Mama aliweka kidole palepale. "Jino lilitoka kwa kutafuna muwa, nikiwepo," alisema. "Nilikuwa nimesahau pengo kabisa. Rudisha."

Sijui mama anaona nini kwenye ile mvua. Nimeitazama mara nyingi tangu siku ile na mpaka sasa sijamuona bibi. Naona kazi isiyokwisha. Kanda nimeifunga, sitaichezesha tena mpaka nipate mtu mwenye mashine bora kuliko yangu na mikono isiyotetemeka, na kuna siku naamka nikiwaza ule unga wa kahawia niliofuta kwa kitambaa nikakitupa. Ile diski safi mama hajaniuliza iko wapi, na mimi sijaivunja. Iko kwenye droo, imegeuzwa chini.

Lakini Jumapili ile nilikuwa nimekaa sakafuni na rimoti, narudisha. Kila mara honi, kila mara kizingiti, kila mara kikohozi. Kikohozi kikisikika, kupitia dirishani nilikiona kivuli cha baba kikisogea hatua kadhaa upande wa pili wa ua, kisha kinarudi.

Baadaye alibisha hodi dirishani, taratibu, uso ameuelekeza barabarani.

"Mkwe," aliniita. "Chai yangu inapoa. Ameshaingia ndani?"

Mama alijibu bila kuondoa macho kwenye televisheni.

"Bado. Kaa hukohuko."