Maksai wa Mama Kabula na Debe la Mabibo

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya kijijini Kiegei ambayo sijaisahau, ingawa sasa mvi zimenijaa. Nilikuwa bwana mifugo kijana, nimehamishiwa huko wilayani Nachingwea kutoka mkoa wa mbali, nikijiona najua kila kitu.

Mama Kabula, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa mgeni huku kama mimi, alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Mmoja, Ngosha, aliacha kula na kucheua. Daktari wa mifugo akaja, akampiga sindano ya ganzi, akampasua ubavu wa kushoto, na tumboni akatoa furushi la mifuko ya plastiki na kipande cha kamba. Alipomaliza kushona akatuagiza: majani laini kidogo kidogo, maji kwa kiasi, atembezwe taratibu, na inzi wasiguse kidonda. Usimamizi akaniachia mimi.

Mimi nililipiga picha lile furushi, nikaenda kuwaonyesha watu sokoni. Mama Kabula alibaki zizini. Alitega sikio ubavuni mwa Ngosha kusikiliza kama tumbo linanguruma, na kinyesi alikichambua kwa kijiti kama mtu anayechagua mchele. Nilimcheka moyoni.

Siku ya tatu asubuhi alikwenda msibani Nkowe, akaniomba nimwangalie Ngosha. Ulikuwa msimu wa korosho, mabibo, matunda ya mkorosho, yametapakaa mashambani. Ngosha akanitazama, mbavu zake zinahesabika, nikamwonea huruma. Nikammwagia debe zima. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Methali hiyo mimi nilifundishwa na ng'ombe. Kufika mchana ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, mshono umeanza kuvutika.

Mama Kabula aliposhuka kwenye bodaboda, aliona mabaki ya mabibo, akaelewa.

"Bwana mifugo, wewe ukishonwa tumbo leo, kesho kutwa tukuletee pilau la harusi?"

"Mama, alikuwa na njaa."

"Njaa naijua. Mvua imekaribia, na jembe langu halivutwi na huruma yako. Mpigie daktari, halafu shika kamba."

 Tulimsimamisha Ngosha, miguu ya mbele juu ya kichuguu ili hewa ipande, mama akawa anamkanda shingo na kumsemesha Kisukuma. Daktari alifika, akapitisha bomba la mpira kinywani hadi tumboni, hewa ikatoka na harufu ya mabibo yaliyochacha. Akaongeza nyuzi mbili.

"Bila huyu mama," aliniambia, "ningekuta ngozi tu."

Tangu hapo nilikaa zizini, mwanafunzi wa Mama Kabula. Nilimlisha Ngosha konzi kwa konzi. Kijiti nacho nilikishika. Mvua za kwanza zikanyesha, majirani wakapanda mahindi, wakamshauri mama amfunge nira. Alikataa katakata mpaka daktari aliporidhika na kidonda. Mahindi yalimpita, ila ufuta aliuwahi, na jembe alilivuta Ngosha na mwenzake.

Kuzaa si kazi, kazi kulea. Kisu humaliza sehemu yake siku ile ile, mwanangu. Siku zinazofuata ni zako. Mgonjwa aliyepasuliwa usimpe kile moyo wako unachotamani kumpa, mpe kile tumbo lake linachoweza kubeba. Shika agizo hata likikufanya uonekane mchoyo. Ukiona uvimbe, ita daktari kabla hujatafuta udhuru.

Mungu akujalie sikio la Mama Kabula na mkono usio na pupa. Na kila mnyama utakayekabidhiwa, aione mvua akiwa amesimama.